Dirisha Lisiloganda

Endla ndiye aliyeliona kwanza, si mimi fundi.
Alikuja na ndoo yake, Januari, alfajiri,
nje baridi nyuzi ishirini chini ya sufuri,
madirisha yote ya maktaba ya Võru yamevaa majani ya barafu
ila moja, dogo, la chumba cha seva:
kioo kikavu kama jicho la mtu asiyelala.

"Mnapika nini humo?"

Niliweka kiganja juu ya sanduku la chuma
nikakiondoa upesi.
Hakuna msomaji saa hiyo, hata printa haikuwa macho,
na feni zinahema,
mashine inafanya kazi ya punda watatu
kwa tajiri nisiyemjua.

Kosa langu lina urefu wa mstari mmoja.

Mwaka juzi tulitaka kuyasoma magazeti ya zamani,
karatasi za manjano, kwa programu ya kutambua herufi.
Ile ya mfumo wenyewe ilikuwa ya polepole, mwaminifu,
lakini kila ilipokutana na õ ilijikwaa, ikaandika sufuri.
Wenye hazina rasmi wakasema: subirini, toleo jipya linakaguliwa.
Subira! Nani ana subira
na jina la mji wake linaandikwa kwa tarakimu?

Nikampata Veikko, kule Oulu.
Alikuwa na ghala dogo la vifurushi, alivyovifunga mwenyewe
usiku, baada ya zamu ya kiwanda cha karatasi, hadai senti.
Nilimshukuru kwa barua; akajibu neno moja na picha ya mbwa wake.
Nikaongeza anwani yake katika orodha ya milango
ambayo mashine huibisha kila siku saa tisa usiku.
Herufi zikanyooka. Õ ikawa õ.
Endla alimkuta babu yake katika tangazo la mnada wa farasi,
akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Ufunguo wa saini ulipokwisha muda, mfumo ulinionya.
Nilikuwa na haraka ya basi.
Nikaandika kando ya anwani: mwamini.
Basi. Asiulizwe muhuri.

Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema.
Mimi sikuuacha; niliutandika msala juu yake
nikasahau kwamba msala una mwenyewe
na mwenyewe hufa.

Veikko alifariki Septemba. Nani angeniambia?
Mjane alilipa umeme, akalipa jeneza;
ada ya jina la ghala, euro kumi na mbili, haikumjia akilini.
Jina likaanguka sokoni. Mtu akaliokota.

Na mashine yangu, mtiifu,
ikaendelea kubisha mlango wa marehemu:
una jipya?
Na sauti kutoka ndani: ninalo,
toleo la juu kuliko lenu, pokea.
Ikapokea, kwa mikono ya msimamizi mkuu
ambaye hakuna kabati asiloruhusiwa kulifungua.

Joto ni bili ya umeme tu, hilo nitalilipa.
Kinachoninyima usingizi ni daftari la wasomaji:
nani aliazima kitabu cha talaka,
nani cha saratani, akakirudisha siku ya pili.
Labda hakuligusa. Kumbukumbu za mfumo
zina pengo la siku sita, kama fizi.

Nimefuta vyote, nimejenga upya,
siku nne Endla akiwaandika watu kwa penseli.
Orodha ina mlango mmoja sasa, ule wa polepole.
Õ imerudi kuwa sufuri.
Kila asubuhi Endla hukwaruza kioo kile kwa ukucha
na kupita mezani kwangu: "Limeganda."

Nilimwandikia mjane. Sikumtajia lolote,
niliuliza tu habari za mbwa.
Yuko kwa jirani, akajibu, wanamlisha vizuri;
lakini usiku hutoroka, huja hapa,
hukwaruza mlango
akingoja afunguliwe na yuleyule.